Mume wa Wajina Wangu

Kabla hamjaambiwa na wengine, wacha niseme mwenyewe.

Mimi ni Teresia. Binti yangu Nyambura hupika kwa Mhispania mmoja huko Karen, naye anaitwa Teresa. Siku tuliyojuana, huyo mama alinishika mikono yote miwili akaniita "tocaya". Nyambura akanieleza kwamba kwao tocaya ni mtu mwenye jina kama lako. Nikafurahi sana. Kwetu Wakikuyu wajina wangu ni mimi. Mjukuu aliyepewa jina langu, marehemu mume wangu alimwita mke wake mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita Nyambura alikuwa akingoja kuambiwa kama ataendelea na kazi. Nikaenda kumwombea kwa wajina wangu. Nikakuta mumewe, Ramón, mezani na wakubwa wake kutoka ofisi ya Westlands. Wote pale wanajua Kiswahili, basi nikamtania Ramón ili tuanze vizuri.

"Mume wangu, mbona siku hizi huji nyumbani?"

Vijiko vikanyamaza. Nikadhani ni heshima, nikaongeza, "Hata watoto wetu wanakuulizia."

Ramón akawa mwekundu kama nyanya. Teresa akaweka glasi chini polepole.

"Tocaya," akaniuliza, "watoto gani?"

Nikamwonyesha Nyambura, amesimama mlangoni na bakuli la supu.

"Si huyu anayewapikia? Kwani hajawaambia?"

Teresa akamtazama Nyambura, akamtazama mumewe.

"Mama," Nyambura akaniambia kwa Kikuyu, "kwao tocaya ni jina tu. Mume hayumo."