Maziwa kwenye Juisi ya Tufaha

Kwa miezi mitatu mama yangu hakugusa jiko langu, na kosa lilikuwa langu.

Baada ya baba kufariki nilimleta mama kutoka Tanga aje kukaa nasi huku ughaibuni, Scarborough, ghorofa ya kumi na moja, mimi na binti yangu wa miaka kumi. Wiki za mwanzo alilitawala jiko. Nilikuwa nikirudi kazini nakuta maharage ya nazi, chapati zimefunikwa, mtoto ameshakula. Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa saba. Mama alitaka kufukiza udi, kama alivyofanya kila Alhamisi jioni maisha yake yote. Akawasha mkaa juu ya jiko la umeme, akautia kwenye chetezo, akaweka udi. King'ora cha moshi cha sebuleni kikaanza kulia. Kwa kuwa kwetu moshi ukizidi unafungua mlango, naye akafungua mlango. Moshi ukatoka kwenye korido, na huko ukapokelewa na king'ora cha jengo zima.

Niliposhuka kwenye basi nilikuta majirani wamejaa nje, wengine wamebeba watoto, mmoja ana taulo kichwani, na gari la zimamoto limesimama mlangoni. Mama alikuwa katikati yao na kanga yake, ameshika chetezo. Kilikuwa bado kinafuka.

Mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia pale pale, mbele za watu, "Mama, hapa si Tanga. Utatuchomea nyumba. Usiguse tena hilo jiko."

Kuanzia siku ile alihamishia kiti chake dirishani, akawa mgeni. Nikimwuliza kama amekula, ananiambia, "Nilikungoja wewe, jiko ni lako." Alisema hivyo kwa upole, bila kununa, na upole huo ndio ulioniumiza. Nilimwomba radhi mara mbili, na mara zote mbili akaniambia, "Yameisha, mwanangu." Hayakuwa yameisha. Mwezi wa tisa nikamsikia kwenye simu akimwambia dada yangu kule kwetu kwamba atarudi Tanga kabla theluji haijaanguka. Tiketi anayo, kilichobaki ni kuchagua siku tu.

Nilitaka abaki. Sitajisingizia kwamba nilikuwa namfikiria yeye, nilikuwa najifikiria mimi. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na minne bila mama, na nilipompata nikamfokea mbele ya zimamoto.

Mwezi wa kumi binti yangu akang'ang'ania twende shambani kuchuma matufaha, kwa sababu darasani kwao wote wameshakwenda. Tukaenda, tukaupita mji wa Markham na nyumba zake kubwa, mpaka penye miti mifupi iliyojaa matunda. Mama, ndani ya koti langu, alichuma tufaha moja, akalifuta kwa mtandio, akaling'ata. "Halina utamu wa kulisafiria," akasema, kisha akachuma la pili.

Kwenye kibanda cha shamba walikuwa wakiuza juisi ya matufaha iliyokamuliwa hapo hapo, haijachujwa, ya rangi ya maji ya ukwaju. Majani yakianza kupukutika watu wa huku huipasha moto pamoja na viungo. Niliuliza kama ina kileo, na kwa ajili ya mama nikauliza tena. Haina. Muuzaji akanieleza inavyopikwa, nami nikanunua galoni nzima.

Jumapili mchana nikamimina nusu yake kwenye sufuria, nikatia vijiti vya mdalasini, karafuu na ganda la chungwa. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anatazama nje. Harufu ikamfikia.

"Karafuu ngapi hizo?"

"Tano, mama."

"Na iliki?"

"Hawakusema iliki."

"Tangawizi?"

"Hawakusema."

"Hawakusema," akarudia, na akaguna.

Nikatoa iliki kabatini, nikaanza kuzipondaponda kwa mpini wa kisu. Wala sikuwa najitia sijui, kweli sijui. Moja ikaruka mpaka chini ya friji. Mama akavumilia ya pili, ya tatu ikamshinda.

"Lete hapa."

Akainuka. Nikampisha bila kusema kitu, nikiogopa hata kupumua kwa nguvu nisije nikamrudisha kitini. Akachukua kile kinu kidogo alichokuja nacho kutoka Tanga, ambacho tangu Julai kilikuwa kinakaa na vumbi, akatwanga iliki, akatwanga tangawizi, akatia vyote. Akapunguza moto, akakoroga. Nyumba nzima ikanukia kama asubuhi za kwetu nilipokuwa mdogo. Akaanza kumsimulia mjukuu wake jinsi marehemu babu yake alivyopenda tangawizi mpaka kifua kinamwaka. Mtoto akamwuliza maswali kwa Kiingereza, yeye akajibu kwa Kiswahili, wakaelewana kama kawaida yao.

Na katikati ya masimulizi hayo akafungua friji, akatoa jagi lenye mfuko wa maziwa, kama yanavyouzwa huku, akamimina kikombe kizima ndani ya sufuria. Hakufikiri. Kwa miaka hamsini, sufuria yake ikinukia hivyo, kinachofuata ni maziwa.

Yakakatika pale pale. Madonge meupe yakaelea juu ya juisi, sote watatu tukayatazama. Mama alibaki na jagi mkononi.

"Basi," akasema taratibu. "Nimeharibu tena."

Akaliweka jagi mezani, akajifuta mikono kwenye kanga, akageuka kurudi dirishani.

Ile "tena" ilinichoma. Na sitaficha, maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi wangu: mama, hii si chai. Nikayameza. Nikachukua upawa, nikajaza kikombe, madonge na yote, nikanywa. Kilikuwa kichachu, kina mafuta, na vipande vinateleza kooni. Nikafika nusu. Mama alikuwa amesimama ananitazama.

"Kikoje?"

"Kibaya."

"Sana?"

"Sana, mama. Sijapata kunywa kitu kibaya hivi." Nikapiga funda jingine.

"Sasa mbona unaendelea?"

"Kwa sababu umepika wewe. Miezi mitatu sijaonja kitu cha mkono wako." Hapo nikalia, na kikombe nimekishika. "Nilikufokea mbele za watu, mama. Nilikosa adabu."

Hakusema yameisha. Alinijia, akakichukua kile kikombe, akaonja mwenyewe. Uso ukamkunjamana. Mtoto naye akataka, akapewa, akakimbilia kutema kwenye sinki. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na chozi likamtoka kwenye jicho moja.

"Hii hata baba yako asingeinywa," akasema, "na yule alikuwa anakunywa chochote." Kisha akajifuta uso. "Juisi imebaki?"

"Nusu galoni."

"Lete sufuria nyingine. Na wewe sogea, umenizibia."

Jiko letu ni dogo, ukisogea unajikuta sebuleni. Nikaenda kukaa kwenye kiti chake dirishani. Sijapata kufurahia kufukuzwa kama siku ile. Nyuma yangu kinu kiligonga, mtoto akaambiwa ashike mdalasini vizuri, kabati likafunguliwa na kufungwa kwa nguvu ya mtu aliye kwake.

"Mwambie dada yako anitumie iliki ya kutosha," mama akasema. "Hizi zenu za dukani hazina harufu."

"Ya kutosha mpaka lini, mama?"

Hakugeuka. Alionja kwanza, akaongeza tangawizi.

"Mpaka hiyo theluji yenu iyeyuke," akasema, akaendelea kukoroga.