Treni niliyoiua kwa mdomo

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku zote nilizopata faida. Nilikuwa kijana wa meza moja katika soko la Kamembe, nikinunua vitu vilivyoharibika, nikivitengeneza na kuviuza. Kila skrubu niliihesabu mara mbili. Maneno yangu sikuyahesabu hata mara moja.

Akaja Maman Odeta na treni ya kuchezea ndani ya kitenge, kichwa chake tu, pamoja na reli za duara na kisanduku cha umeme. Ilikuwa ya baba yake, Papa Silivesta, aliyefanya kazi ya reli kule Kalemie kabla familia haijarudi Rwanda. Ililala sandukuni miaka kumi na mmoja. Sasa macho ya mzee yalikuwa yanaisha, naye alitaka kuiona ikizunguka kabla giza halijamfunga. Hapa kwetu hakuna reli. Treni yake iliyobaki ilikuwa hiyo, ya kuenea mkononi.

Niliitia umeme. Ikanguruma kidogo, haikusogea. Nami nilikwisha kuipenda. Sisi wa sokoni tuna desturi: kitu unachokitaka, kwanza unakiua kwa mdomo, bei ishuke. Nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema, "Maman, mota imekufa. Hii sasa ni chuma tu."

Nilingoja anibishie, maana mapatano ni kubishana. Hakubisha. Aliuliza tu kama nina hakika. Nikasema ninazo hakika mbili. Akaniachia vyote, akachukua mezani pangu termosi ya chai na sahani mbili kuwa malipo, akaenda kumwambia baba yake kwamba imekufa.

Basi nikashuka Cyangugu kwa Mzee Bonifasi, fundi wa saa, nikamwomba aitoe ile mota mfu na kunitafutia nyingine. Nilikuwa nimeshayaamini maneno yangu mwenyewe, unaona? Mzee akauliza ni nani aliyeipima. Nikakohoa, nikamsimulia tu habari za Maman Odeta na macho ya baba yake.

Hakuitoa. Aliweka balbu ndogo juu ya reli, ikawaka: umeme unafika. Akafungua kifuniko, skrubu nne (nne tena nilipozirudia), akagusisha nyaya mbili kwenye mota yenyewe. Ikatetemeka kama kuku aliyeshikwa. Ndipo akanionyesha gia: girisi ya zamani ilikuwa imeganda kati ya meno kama ugali wa jana, na magurudumu yalikuwa meusi, hayapokei umeme vizuri. Tukasugua kwa mswaki na alkoli, tukapangusa magurudumu, akatia tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Nilitaka kuongeza la pili, kwa tabia yangu, akanipiga kidoleni.

Treni ikaizunguka meza.

"Mashini haiyakufa," akasema bila kuniangalia. "Ilikuwa inalala. Weye njo uliiua, na mudomo. Sasa kimbia, ule muzee giza haimungojee."

Nilipanda kilima mpaka kwao. Papa Silivesta alikuwa mlangoni, keshaambiwa. Nikakiri mbele ya binti yake kwamba nilisema nisichokipima. Nimepatana na watu wengi, lakini siku ile sikuwa na cha kupunguza. Nikaunga reli mezani, nikaiwasha treni. Mzee akalaza shavu kwenye ubao, jicho moja likiifuata. Mizunguko saba, nilihesabu.

"Inavuta muzuri," akamwambia binti yake. "Odeta, ita batoto ba jirani, baone treni."

Termosi sikurudishiwa, wala sikuiomba. Niliitazama tu pale kabatini, mara mbili.

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Punguza bei, ni kazi yetu, ukweli usiupunguze. Kitu kilicholala muda mrefu, tazama kwanza kama umeme unafika, kisha mota, kisha uchafu wa meno ya gia, na neno "kimekufa" liwe la mwisho kabisa kutoka kinywani mwako, kwa maana kuna mtu nyumbani analingoja. Mungu akupe mkono mwepesi na mdomo mzito, na macho yako yakae nawe mpaka uwaone wajukuu wa wajukuu.