Picha thelathini na moja zilizookoa marobota ya Goweko

Saa tano kasoro robo asubuhi, uji umeshanywewa, na barazani kwa Darasa la Nne wanafunzi wanaponda udongo kwa mawe. Mwekundu umetoka kwenye kichuguu nyuma ya vyoo, mweusi umechotwa mbugani. Wa kijivu ni majivu ya jikoni tu, ingawa aliyeuleta anaapa kuwa ni udongo.

Mwalimu Godeliva Gervasi (41) anapita katikati yao na sufuria ya uji wa muhogo uliopoa. Kila kikundi kinachota kijiko kimoja, kinakoroga na udongo, rangi inapatikana. Brashi ni vijiti vilivyotafunwa ncha. Karatasi ni migongo ya mitihani ya zamani.

Baada ya dakika ishirini anapiga makofi mawili. Msichana mmoja anabandika picha yake ubaoni, anasimama pembeni na kufunga mdomo. Ndiyo sheria ya hapa: mwenye picha hasemi kwanza. Wenzake wanataja wanachokiona, kisha wanamuuliza maswali matatu, naye anajibu akiwa amewatazama usoni. Neno "nzuri" limepigwa marufuku, na "mbaya" vilevile.

"Ukisema nzuri, umemaliza mazungumzo," anasema Mwalimu Godeliva. "Mimi nataka yaendelee."

Wanafunzi wanaliita zoezi hilo kusimamia picha. Mwandishi wa makala haya alijipa moyo akachora mbuzi, akaulizwa na binti wa miaka tisa kwa nini mbuzi huyo hana kivuli wakati jua limechorwa kubwa namna ile.

Shule hii ya msingi ipo mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka stesheni ya reli ya Goweko, wilayani Uyui. Huku maisha ni tumbaku. Ikifika Mei, majani yanapotoka kwenye mabani ya kukaushia na kazi ya kuchambua madaraja kuanza, madawati hubaki wazi. Mwaka juzi, kati ya wanafunzi hamsini na wanane wa Darasa la Nne, kumi na tisa walikosa masomo kwa zaidi ya wiki tatu wakiwasaidia wazazi wao.

Waliobaki nao walikuwepo kwa miili tu. Ukiwauliza swali, waliinamisha vichwa mpaka ukakata tamaa.

Mwalimu Godeliva anaujua ukimya huo vizuri kuliko anavyotamani. Alizaliwa Ulyankulu, katika familia ya wakulima wenye asili ya Burundi, na nyumbani kwao walizungumza Kirundi peke yake. Siku ya kwanza shuleni alitamka sentensi moja ya Kiswahili, darasa zima likaangua kicheko. Hakusema tena kwa miaka miwili.

"Kwenye ripoti waliandika mtoto mpole," anakumbuka. "Sikuwa mpole. Nilikuwa naogopa."

Aliyemfungua mdomo ni mwalimu wa kike aliyemuuliza anakaa wapi, na alipoona hajibiwi akampa kijiti achore chini. Godeliva akachora nyumba, kisima na njia. Mwalimu akachuchumaa na kuanza kuuliza: hapa ni wapi, huyu ni nani, mbona mlango ni mdogo. Mtoto akajikuta anajibu.

Kwa hiyo miaka mitatu iliyopita, alipokabidhiwa vipindi vya Sanaa na Michezo, aliamua kuvitumia kama vilivyo. Boksi moja la penseli za rangi pale dukani ni shilingi elfu tatu na mia tano, na darasa lake lilikuwa na watoto karibu sitini. Akahamia kwenye udongo. Wazazi walilibatiza somo hilo jina la kuchezea matope, na mwalimu mkuu, Octavian Modest, anakiri kwamba alicheka nao.

Kicheko kilikwisha mwishoni mwa Mei mwaka jana.

Mwalimu Godeliva alitaka kufundisha rangi. Jumatano aliwaambia wanafunzi kila mmoja aje kesho yake na vipande vitano vya majani ya tumbaku vyenye rangi tofauti. Kichwani mwake alikuwa anaona chenga zinazoanguka sakafuni wakati wa kuchambua, zile zinazofagiliwa na kutupwa.

"Nilisahau nafundisha watoto wa nani," anasema.

Kwa mtoto wa mkulima wa Goweko, kilichoanguka sakafuni ni takataka. Jani ni lile lililopangwa. Alhamisi asubuhi wanafunzi thelathini na mmoja waliingia darasani na majani mazima, ya rangi ya limau, ya chungwa na ya kahawia, yametolewa kwenye mafungu yaliyokwisha kuchambuliwa daraja kwa daraja. Mwalimu aliyapokea, akayafunga kwenye kitenge ili ayarudishe.

Hakujua kwamba hilo lilikuwa dogo. Watoto hao wamekua wakiambiwa fungu lisipungue, basi kila aliyetoa jani alijaza pengo kwa jani la daraja jingine, akalifunga fungu upya kwa ustadi uleule wa mama yake. Na jioni ya Alhamisi hiyo, baba zao walishona marobota tayari kwa soko la Jumatatu, watoto wenyewe wakiwapa mafungu mkononi.

Anayejua tumbaku ameshaelewa. Siku ya soko mteuzi, anayekagua madaraja kabla ya kununua, anafungua robota, na akikuta madaraja yamechanganywa, robota zima linarudishwa bila kununuliwa. Jasho la tangu kupanda linarudi nyumbani kwa mkokoteni.

Marko Benjamini, mkulima na mjumbe wa kamati ya shule, aligundua kwa bahati. Alipokuwa anashona robota lake la mwisho, fungu moja lilidondoka na kufunguka, akaona majani mawili yasiyohusika. Akamuuliza binti yake, Magreth, aliyekuwa na miaka kumi. Magreth akaonyesha kidole upande wa shule, na usiku huohuo Marko akawapitia wazazi wenzake.

Ijumaa asubuhi wazazi wapatao arobaini walikuwa uwanjani. Mwalimu mkuu aliwasalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," wakaitika wachache. Watoto walipangwa mstari na kuulizwa waligusa mafungu yapi. Hakuna aliyesema. Kadiri sauti zilivyopanda, ndivyo walivyozidi kuchunguza vidole vya miguu yao. Barua ya kuomba mwalimu ahamishwe iliandikwa palepale juu ya tangi la pikipiki, ikaanza kuzungushwa kwa saini.

"Na mimi nilikuwa nimeshatoa kalamu," anasema Mwalimu Octavian bila kuficha.

Mwalimu Godeliva aliomba radhi mbele ya wote, kisha akaomba nusu saa. Kuhama angevumilia, ambacho asingevumilia ni kuliacha darasa lirudi kunyamaza, safari hii kwa makosa yake yeye.

Aliwaingiza wale thelathini na mmoja darasani, akawagawia karatasi na mkaa. Hakuwauliza kitu. Aliwaambia kila mmoja achore ghala la kwao kama linavyoonekana kutoka mlangoni, na aweke alama pale alipotoa jani na pale alipoweka jingine. Kalamu za kuandika alizikusanya zote.

Kisha akawaita wazazi, akawakalisha kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamewafika kidevuni, akawaeleza sheria. Mtoto hatasema kwanza. Mzazi ataje anachokiona, halafu aulize maswali matatu, na hakuna kupaza sauti.

Wa kwanza kusimama na picha alikuwa Magreth. Marko anasema alitaja mlango, mkeka, ngazi, marobota yamepangwa ukutani, mpaka akashangaa kwamba hata ufa wa ukuta ulikuwepo. Kisha akauliza lenye msalaba ni la ngapi.

"La nne kutoka ukutani, baba," Magreth alijibu. "Fungu la pili kutoka juu. Niliweka jani la daraja la chini nikaligeuza mgongo."

Baba akauliza kwa nini aligeuza.

"Niliona fungu likibaki jembamba utasikitika."

Ndani ya miaka minne ya shule, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Magreth kusema sentensi nzima mbele ya watu.

"Nilikuja na fimbo," anasema Marko. "Niliisahau mlemle darasani. Mpaka leo sijui iko wapi, na sijaiulizia."

Hadi saa tisa alasiri picha zote thelathini na moja zilikuwa zimesimamiwa. Kila familia iliondoka na karatasi yake, pamoja na majani yake yaliyokuwa kwenye kitenge. Jumamosi kutwa, na Jumapili baada ya ibada, kwa Wakatoliki na Wamoraviani, watu walifumua marobota yaliyowekewa alama, wakatoa majani wakifuata msalaba wa mkaa, wakashona upya.

Jumatatu hakuna robota lililorudishwa kwa kuchanganywa. Kijiji kizima kilishusha pumzi kwa mpigo, na wapo waliocheka peke yao njiani wakirudi.

Mwalimu Godeliva alilia siku hiyo, siyo Ijumaa. "Ijumaa sikuwa na nafasi," anasema. "Jumatatu niliposikia yamepita yote, nilikaa kitandani nikalia mpaka nikasikia njaa."

Kesho yake Marko alifika ofisini kuidai barua. Mwalimu Octavian akampa, na Marko akaitumia kuwashia moto wa chai ya walimu.

Tumbaku hairuhusiwi tena darasani, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeweka katazo hilo, kwani muuguzi wa zahanati alimweleza kuwa majani yale hayafai kushikwashikwa na watoto. Udongo unatosha. Mwalimu mkuu anasema mabadiliko anayaona kwenye insha: waliokuwa wakiandika mistari minne na kuomba ruhusa ya kwenda nje sasa wanajaza ukurasa, na wanabishana naye kwa hoja, jambo ambalo anakiri humchosha siku nyingine.

Msimu wa kuchambua unakaribia tena. Wiki mbili zilizopita, Marko alikuwa anakwangua jembe nyuma ya nyumba, Magreth, ambaye sasa yuko Darasa la Tano, akaja na kusimama mbele yake. Hakushika karatasi.

"Alisema, baba, mwezi wa tano mimi siachi shule, nitachambua nikirudi jioni," anasimulia Marko. "Nikamwambia, haya, sawa."

Marko alipanda baiskeli siku hiyohiyo akampelekea mwalimu habari. Mwalimu Godeliva anasema alimkaribisha kiti, akasahau kumkaribisha maji. Tangu hapo wazazi wanane wa Darasa la Nne la sasa nao wamefika kusema watoto wao wamewaambia maneno kama hayo, wengine kwa kunung'unika kidogo, lakini wamekubali.

Hana ahadi ya waliobaki, na hajidai kuwa nayo. Mpango wake ni mmoja tu: asubuhi ya kwanza ya masomo mwezi Mei atasimama mlangoni mwa darasa na daftari la mahudhurio.

"Wapo sitini na wawili," anasema, akikusanya vijiti vya rangi ndani ya ndoo. "Siku zote mwezi huo nilikuwa naita jina, linajibiwa na jirani yake: yuko tumbaku. Mwaka huu nataka kila jina lijibiwe na mwenyewe."