Sauti Zilizobaki Kwenye Folda ya Muda

Mkataba wangu wa kufundisha muziki ulipoisha, sikurudi kwetu Meru. Nilibaki Isiolo, kwenye chumba cha kupanga upande wa soko la mifugo, kwa sababu nilikuwa nimepata kazi ya kutengeneza sauti za filamu. Watu wa filamu hizo sijawahi kuonana nao. Wananitumia picha kwa mtandao, nami nawatumia sauti. Hawajui nina uso gani.

Programu ninayotumia haina nota. Unachora visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa mistari. Kisanduku kimoja kinachukua sauti, kingine kinairefusha, kingine kinaishusha mpaka inakuwa nzito kama ngurumo ya mbali. Kila ukibonyeza ili usikie, programu inaandika faili mpya na kuiweka kwenye folda ya muda. Ukibadilisha kitu kidogo tu, faili mpya tena, na ile ya zamani inabaki palepale. Ukisahau kuzima maikrofoni, chochote inachosikia kinaenda humo humo.

Kiangazi kimoja nilikuwa natengeneza upepo wa filamu moja. Nilikuwa nimeurekodi huko Gotu, nimesimama peke yangu kando ya barabara, na kwa wiki nyingi nikawa naurefusha na kuushusha. Mchana mmoja kompyuta ikagoma. Diski imejaa. Nikafungua folda ya muda, nikakuta faili zimejipanga hadi mwisho wa skrini na kuendelea, zote majina yake ni namba tupu.

Kuzifuta zote kwa pamoja ilikuwa rahisi, lakini baadhi ya visanduku vyangu bado vilikuwa vinachukua sauti kutoka humo. Ukifuta faili ambayo kisanduku kinaitegemea, kisanduku kinageuka kuwa chekundu na kunyamaza. Kwa hivyo ilibidi nisikilize moja moja. Inayotumika niipe jina na kuihamishia folda ya kazi. Nyingine niitupe.

Waya wa hedifoni ulikuwa umekatika, nikatumia spika. Mabati ya paa yalikuwa yanalia kwa joto. Upepo. Upepo tena. Upepo mzito. Halafu mtu akasema, "Habari ya asubuhi."

Niligeuka mlangoni. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, nikiisalimia kompyuta.

Faili iliyofuata, mimi tena: "Unaonaje, tuishushe kidogo?" Kimya kidogo, kisha mimi huyo huyo nikajibu, "Sawa, tuishushe."

Mbele kidogo nikakuta simu ya mama. Yeye hasikiki, nasikika mimi tu. "Nimekula, mama… Ndiyo, ugali… Hapana, hakuna mtu, ni mimi tu." Kimya kirefu. Ninajua alichouliza kwenye kimya hicho, kwa sababu baadaye nasema, "Si upweke, mama. Ni kazi."

Nikaacha kufuta. Nikaanza kutafuta sauti ya mtu mwingine, yeyote, ndani ya chumba changu. Nilisikia adhana, mbuzi, pikipiki, lori likipandishwa gia. Vyote vya nje. Nikarudi kwenye ile salamu ya kwanza nikaicheza tena, na tena. Mwishowe nikajikuta naijibu, kwa sauti, "Nzuri. Na wewe?"

Hapo mlango ukagongwa.

"Salaam aleikum!"

"Aleikum salaam, karibu."

Alikuwa jirani wa chumba cha pili, mama mmoja Mborana aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni. Zaidi ya salamu za uani hatukuwa tumezungumza. Mkono mmoja alishika chupa kubwa ya chai, na mwingine sinia lenye vikombe. Akachungulia nyuma yangu.

"Mwalimu, wageni wako wapi?"

"Wageni gani, mama?"

"Si nimesikia watu wanaongea? Nikasema huyu leo amepata wageni, na hapiki chai."

Nilisogea, akaona chumba chote: kitanda, meza, kompyuta. Nikamwambia ukweli, kwamba ilikuwa mimi na mimi. Nikabonyeza, akasikia salamu ile.

Akacheka sana. "Unajisalimia!" Kisha akaketi kitandani na kumimina vikombe viwili. Chai ilikuwa ya tangawizi, na ya moto sana kwa mchana ule.

"Mimi naongea na redio," akasema. "Bwana yangu ako na ngamia huko mbele ya Merti. Redio ikisema habari, mimi naiuliza, na mvua je? Haijibu."

"Unaiuliza kila siku?"

"Kila siku."

Tulimaliza chai. Alipoondoka nilimaliza kusafisha folda, na kufikia jioni mashine ikakubali kazi. Zile faili za sauti yangu nilizifuta pamoja na nyingine, isipokuwa ile ya simu ya mama. Hiyo niliipa jina.

Baada ya hapo jirani alikuwa akigonga siku ambazo maziwa yaliisha mapema. Hatukuwa marafiki wa siri nyingi. Alikuwa anakaa kitandani, mimi naendelea na visanduku vyangu, naye ananiambia sauti gani inamuumiza masikio.

Mvua iliponyesha upande wa Merti, alifunga vitu vyake akamfuata mumewe kwa pikapu ya Merti. Aliniaga haraka kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi. Chumba chake sasa anakaa mfanyakazi wa serikali. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, na tukikutana uani ananiambia habari, nami namwambia nzuri.

Nimeiweka programu ifute folda ya muda yenyewe kila ninapoifunga. Diski haijajaa tena.