Mzee Kwangua na Mafuta Yasiyoacha Ukoko

Jina lake halisi lilibaki kwenye faili la ajira. Pale kituo cha utafiti kila mtu, mpaka mlinzi wa getini, alimwita Mzee Kwangua, kwa sababu miaka tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kukwangua injini. Wataalamu walikuwa wakitafuta mafuta ya ndege yenye nguvu kuliko yote, ndege inywe kidogo iende mbali, na kweli waliyapata. Yaliwaka kwa mwali wa kijani, yakanguruma mpaka vioo vya ofisi vikatetemeka. Tabu ni kwamba yakishaungua yaliacha ukoko. Na si ukoko wa kubandua kwa mwiko, loo! Ulikuwa mgumu kama kioo, umeng'ang'ania mapanga yale madogo yanayozunguka ndani ya injini.

Sasa, kituoni kulikuwa na desturi: mkubwa hakuti uchafu. Injini inawashwa dakika kumi, inazimwa, inapoa, Mzee Kwangua anaingia na patasi na brashi ya waya, anakwangua mpaka ing'ae. Ndipo wataalamu wanaitwa na makoti yao meupe, wanachungulia, wanaandika: "Hakuna ukoko." Miaka tisa! Ripoti zilijaza makabati matatu, Daktari Mkuu wa utafiti akavishwa nishani. Mzee naye alipewa barua ya mfanyakazi bora, akaitundika sebuleni. Alijua vizuri anachokikwangua, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Na mtu ukishasifiwa kwa usafi, utaanzaje kujisema?

Siku ikafika ya kutangaza rubani atakayerusha ndege ya kwanza kwa mafuta hayo, dakika arobaini angani. Aliyechaguliwa alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Nyumbani vigelegele vikapigwa, majirani wakaja. Mzee peke yake hakushangilia. Aliogopa, tena aliona haya, maana sifa zote za ile injini safi alizitengeneza yeye kwa mikono yake.

Akamvuta mkwewe uani, akafungua gazeti alilolikunja. Ndani mlikuwa na vipande vya ukoko vya kujaza viganja viwili.

"Hivi ni vya dakika kumi," alisema. "Piga hesabu mwenyewe."

"Lakini Baba, mbona ripoti zinasema..."

"Ripoti ni mimi, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa atakayekufa ni wewe."

Rubani akakalia ndoo iliyokuwa karibu, akapiga hesabu kwa vidole.

Siku ya kuruka, mbele ya wakubwa wote, akagoma kupanda mpaka injini iwashwe chini kwanza, dakika arobaini mfululizo, bila mtu kuigusa. Daktari Mkuu akaangua kicheko.

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake! Haya, mwashieni."

Dakika ya kumi watu wakapiga makofi. Dakika ya kumi na tano ngurumo ikageuka kikohozi. Dakika ya ishirini na tatu chuma kikasagana na chuma, injini ikafa. Wakafungua kifuniko: mapanga hayaonekani, ukoko umeyameza yote. Rubani alikuwa amemshika mzee begani.

Unadhani wale wasomi waliyatazama mafuta? Thubutu! Daktari Mkuu alimgeukia mzee, mishipa imemtoka shingoni.

"Miaka tisa injini hii haijawahi kukutwa na uchafu! Leo umesimama tu hapo unaangalia. Kwa nini hukukwangua?"

Mzee Kwangua akavua kofia.

"Samahani, mkuu. Dakika ya ishirini na tatu mkwe wangu angekuwa mawinguni. Huko ningesimama wapi nikwangue?"