Hisa za Hija ya Bi Mwajuma

Ndugu wanakikundi na marafiki, Assalaam alaykum. Mimi katibu wenu naandika kuomba mwongozo wenu.

Leo kampuni tuliyonunua hisa zake imeondolewa kwenye orodha ya hisa halali kwa Waislamu, kwa kuzidisha mikopo ya riba.

Dini inatutaka tuuze. Lakini waumini wote wanauza kwa pamoja, na bei imeporomoka.

Nilimweleza hayo Bi Mwajuma, mfanyabiashara wa pamba hapa Bariadi, aliyeweka humo akiba yake ya Hija kwa ushauri wangu.

Akacheka kidogo. "Katibu, nikiuza leo nauli yangu inaishia hapo jirani Maswa, siyo Makka."

"Basi tusubiri bei ipande, mama."

"Nikahiji kwa pesa ya riba?"

Ndipo nikaanza kuwaandikia. Bado ameketi dukani kwangu, ananitazama nikiandika.

Tuuze leo, au tusubiri? Naomba uamuzi.