Niliziba vitundu vya ndege ya ndugu yangu

Leo bisibisi imezama kwenye mbao ya ndege yetu kama imeingia kwa ndizi iliyoiva.

Mnaijua ile ndege ndogo mimi na ndugu yangu Mutwiri tunajenga hapa nyumbani Timau, huu mwaka wa sita. Jumamosi ndiyo alikuwa airushe mara ya kwanza.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, maji yalikuwa yanaingia kando ya kioo. Nikachukua silikoni nikaziba kila mahali.

Mimi ni fundi wa matangi ya maji, jamani. Nikiona tundu, naziba.

Chini ya mkia kulikuwa na vitundu vitatu. Nikaziba hivyo pia. Hata nilijisifu.

Leo asubuhi Mutwiri akajaribu kuinua mkia. "Mbona hii kitu imekuwa nzito hivi?"

Akatoboa silikoni chini. Maji yakamwagika, meusi, yananuka.

Akaniangalia. "Hivyo vitundu niliviweka mimi. Maji yakipenya juu, yatokee hapo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza!

Ndipo tukadunga mbao inayoshika mkia. Imeoza yote. Kwa nje rangi bado inang'aa, huwezi jua.

Mama alikuwa ameshaalika watu wa kanisa waje Jumamosi wamwone Mutwiri akipaa.

Nyinyi wenye ndugu, niambieni: tutaketi aje meza moja jioni hii?

Kwa sababu Jumamosi mkia ungekatikia angani, tungemzika, na mimi ningelia kaburini kama wengine wote, bila kujua ni mimi.